Resi ikiwa chini halivuti, ikipanda linakimbia

Maswali ya magari

Barua tulizochagua safari hii zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: injini inayokosa nguvu resi (mizunguko ya injini kwa dakika) ikiwa chini.

SWALI: Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.8 yenye nozeli, gia za mkono. Likiwa kwenye sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka, na mshale wa resi unapanda na kushuka kati ya 600 na 1,000. Nikiachia klachi niondoke linataka kuzima mpaka nikanyage mafuta kuliko kawaida. Chini ya resi 2,000 halivuti, lakini likishapita 2,500 linakimbia kama zamani. Tumebadilisha plagi, filta ya mafuta na pampu ya mafuta bila mafanikio. Taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inatoa msimbo P0171. Sasa fundi anashauri tubadilishe sensa ya oksijeni. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Msimbo P0171 hausemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Unasema sensa hiyo iko kazini na imeona hewa imezidi mafuta, kompyuta ikaongeza mafuta hadi kikomo chake, na bado mizani haikukaa sawa. Mjumbe hauawi.

Pampu nayo ilionewa. Injini ya lita 1.8 ikiwa kwenye sailensi hunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa, wakati pampu ya kawaida ya ndani ya tangi huweza kusukuma lita 100 au zaidi kwa saa hiyo hiyo. Pampu iliyochoka huumbuka pale injini inapodai mafuta mengi, yaani resi ikiwa juu na mzigo ukiwa mzito. Filta iliyoziba hufanya hivyo hivyo, na masega ya ekzosi (kisafisha moshi) yaliyoziba pia: gari huondoka vizuri, kisha hubanwa linapotaka kukimbia. Lako ni kinyume chake, kwa hiyo mlianzia upande usio na tatizo.

Kabla ya kufungua kitu chochote, kuna maswali mawili ya kujibu: tatizo linaanza na kuisha resi ngapi, na mguu ulikuwa umekanyaga kiasi gani. La pili husahaulika sana. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, weka gia ya tatu, tembea kwa resi 1,500, kisha kanyaga mafuta robo tu. Rudia, safari hii ukanyage mpaka chini. Gari likisita kwa robo lakini likaamka ulipokanyaga lote, shuku hewa inayoingia kwa njia ya pembeni, au valvu ya EGR (inayorudisha moshi kwenye injini) iliyobaki wazi. Likiwa zito hata ukikanyaga lote, lakini zito kwa ulaini bila kushtuka, shuku kompresheni au taimingi. Likishtukashtuka ukikanyaga lote, shuku cheche za plagi.

Sababu ni hii. Injini ikiwa kwenye sailensi, kipepeo cha throto (mlango wa hewa) kimefunga karibu chote na ndani ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) kuna vakyumu kali, yaani mfyonzo. Tobo lolote baada ya sensa ya hewa hufyonza hewa ambayo kompyuta haikuipima. Chukua tobo la milimita 3: kwa vakyumu ya sailensi huingiza zaidi ya gramu moja ya hewa kila sekunde. Injini ya ukubwa wa yako ikiwa kwenye sailensi hutumia gramu 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa hiyo tobo hilo dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ukiwa barabarani kwa resi 3,000 injini inavuta hewa mara kadhaa ya hiyo, na tobo ni lile lile, kwa hiyo halionekani. Ukikanyaga mpaka chini vakyumu inakaribia sifuri, na tobo halina kitu cha kuingiza. Ndiyo maana gari linalovuja hewa huonekana limepona ukilikimbiza.

Mwambie fundi arudishe mashine ya kupimia, lakini asiishie kwenye misimbo. Aingie kwenye data hai na kutazama masahihisho ya mafuta, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, ambayo kwa kawaida huandikwa STFT na LTFT. Yajumlishwe injini ikiwa na moto wake wa kazi, kwanza kwenye sailensi, kisha resi ikishikiliwa 2,500 kwa nusu dakika. Jumla inayocheza ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sifuri ni afya, na ikivuka 10 kuna jambo. Ukiona +20 au zaidi kwenye sailensi inayoshuka hadi +4 au +5 kwenye 2,500, hewa inavuja. Ikiwa ni kinyume, ndogo kwenye sailensi na kubwa kadiri resi inavyopanda, hapo ndipo pampu, filta au sensa ya MAF (ya kupima hewa inayoingia) iliyochafuka inapoingia kwenye orodha.

Hapa mafundi wengi hupotea. Hesabu hiyo ni ya injini zenye sensa ya MAF, inayopima hewa kabla ya throto. Injini zinazotumia MAP peke yake hupima shinikizo la ndani ya manifoldi, na tobo linapopandisha shinikizo kompyuta huongeza mafuta yanayolingana. Kwa injini hizo mvujo wa hewa hutoa sailensi iliyopanda au inayopanda na kushuka, huku masahihisho yakikaa karibu na sifuri. Usiiondolee hatia manifoldi kwa sababu tu namba ni nzuri. Angalia kwanza gari lina sensa ipi. Lako limetoa P0171, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa lina MAF.

Ukaguzi wenyewe uanze na mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye throto. Ukunje kwa mikono na kutazama ndani ya mikunjo, maana nyufa zake hufumba injini ikitulia na kufumbuka injini inapojitikisa wakati wa kuondoka. Tazama mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), hasa kiwiko chake cha upande wa chini, ambacho hulainishwa na oili hadi kikabonyea ndani. Kifuniko cha oili na sili ya kijiti cha kupimia oili navyo vimo: kwenye injini nyingi hewa inayoingia kwenye kranki huishia kwenye manifoldi kupitia PCV. Valvu inayonyonya mvuke wa tangi la petroli ivuliwe mpira wa upande wa tangi injini ikiwa ya baridi na kwenye sailensi, kisha uweke kidole. Kwa kawaida hapo hapatakiwi kuwa na mvuto. Ukiwepo, valvu imeng'ang'ania wazi.

Busta ya breki ina kipimo chake. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu, iache mguuni, kisha washa. Pedeli ishuke kidogo. Isiposhuka, au ukisikia mfyonzo na resi kubadilika kila ukikanyaga breki, kiwambo au mpira wa busta unavuja. Hilo si suala la nguvu peke yake. Ni breki zako.

Mipira mingine minyembamba ibanwe mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, injini ikiwa kwenye sailensi. Ukibana mmoja na mtetemo ukapungua, fuata huo hadi mwisho wake. Gasketi ya manifoldi na oringi za nozeli hazibaniki. Njia bora kwazo ni mashine ya moshi, kwa shinikizo dogo sana la karibu 0.07 bar: moshi utatoka pale hewa inapoingilia. Ukikosa mashine, nyunyiza maji kidogo kwa chupa kwenye mshono wa manifoldi, mbali na koili na altaneta, usikilize sauti ikibadilika kwa sekunde chache. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta au gesi juu ya injini ya moto. Hutoa jibu haraka, na hutoa moto haraka vilevile. Hatuishauri.

Wakati mpira umevuliwa, safisha ukingo wa kipepeo cha throto kwa dawa yake na kitambaa. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, na baada ya kusafisha fuata utaratibu wa gari hilo wa kuifundisha upya kompyuta mahali pa sailensi, la sivyo resi itakuwa juu kwa siku kadhaa na utadhani umeharibu kitu. Sensa ya MAF hupuliziwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Hakuna brashi, kitambaa wala mate. Iache ikauke dakika kumi kabla ya kuchomeka.

Mkikosa mvujo wowote, hamieni kwenye EGR. Valvu hii hurudisha sehemu ya moshi ndani ya manifoldi gari likiwa kwenye mwendo wa wastani, na kwenye sailensi inatakiwa iwe imefunga kabisa. Tonge la masizi likikaa kwenye kiti chake, moshi unaingia muda wote, na injini inatetemeka kwa sababu inavuta hewa iliyokwishaungua. Katika injini yenye MAF kuna dalili nzuri ya kuzitenganisha hali hizi mbili: moshi hauna oksijeni ya kutosha kuishtua sensa, kwa hiyo mtetemo unakuwepo huku masahihisho ya mafuta yakiwa karibu ya kawaida. Kwa kuwa lako lina P0171, EGR iko nyuma kwenye foleni, lakini haijatoka. Kuithibitisha, weka kipande cha bati jembamba kati ya valvu na manifoldi kwa dakika chache. Sailensi ikitulia, valvu itolewe, isafishwe au ibadilishwe. Bati lenyewe liondoke. Si dawa ya kudumu.

Mkimaliza, futeni msimbo, tembeeni kilomita kadhaa, kisha msome tena zile namba mbili. Zikiwa ndani ya asilimia 5 kwenye sailensi na kwenye 2,500, kazi imekwisha hata kama kwenye boksi la vipuri kuna sensa mpya ambayo hamkuifunga.

SWALI: Langu halitetemeki, halina msimbo wowote, na plagi ni nzima. Ni zito tu hadi karibu resi 3,000, hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Lilianza wiki lilipobadilishiwa mkanda wa taimingi. Fundi anasema haihusiani.

JIBU: Inahusiana mpaka ithibitike haihusiani. Uzito laini bila kushtuka, ulioanza siku mkanda ulipoguswa, ni jino moja lililorukwa wakati wa kufunga.

Kamshafti (fimbo inayofungua valvu) ikichelewa, valvu ya kuingiza hewa hufunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Resi ikiwa chini, sehemu ya hewa iliyokwishaingia hurudishwa kwenye manifoldi, na silinda hubana kilichobaki. Resi ikipanda, kasi ya hewa inayoingia huwa kubwa kiasi cha kuizuia kurudi, na injini hupata nguvu zake. Jino moja kwenye pulii ya kamshafti si daima linatosha kuwasha taa, hasa kwenye injini za zamani kidogo. Kwenye mpya zaidi hutoa P0016, yaani kranki na kamshafti hazikubaliani.

Kipimo cha haraka ni geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini nzima yenye moto, mahali palipo usawa wa bahari, husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki na mshale hutulia; punguza karibu inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mshale uliotulia lakini uko chini, 12 au 14, ni taimingi iliyochelewa au mvujo wa hewa. Mshale unaoanguka kwa mpigo unaojirudia ni valvu isiyofunga vizuri kwenye silinda moja. Ukishikilia resi 2,500 na mshale ukaanza kuteremka polepole, ekzosi imebanwa.

Kisha vifuniko vitolewe na alama zitazamwe. Kranki izungushwe kwa mkono, mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa kawaida, ndipo alama zisomwe. Alama zilizosomwa kabla ya mizunguko hiyo hudanganya, kwa kuwa kikaza mkanda huwa hakijavuta upande uliolegea. Ukitaka, pima na kompresheni: petroli nyingi zipo kati ya bar 10 na 14, throto ikiwa wazi kabisa na plagi zote zimetolewa. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kimoja, ni taimingi. Ikiwa ni moja iliyo chini, hilo ni tatizo jingine: weka kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zimelegea. Isipopanda, valvu ndiyo inayovuja, na mara nyingi tapeti iliyobanwa kupita kiasi ndiyo iliyoiunguza.

SWALI: Gia ya nne, resi 1,500, nikikanyaga mafuta kupanda mlima gari linashtuka kama linapigwa teke kwa nyuma. Nikirudisha gia ya tatu linatulia. Sailensi ni nzuri kabisa.

JIBU: Linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, na sailensi nzuri isiwapumbaze. Kuruka kwa cheche kunategemea shinikizo lililo kwenye silinda wakati huo. Kwenye sailensi silinda ina hewa kidogo, hata koili dhaifu inamudu. Ukikanyaga mafuta resi ikiwa chini, silinda hujaa karibu kabisa, shinikizo linapanda, na voltiji inayotakiwa kuvuka pengo la plagi inapanda nayo. Umeme hutafuta njia nyepesi: huchungulia pembeni, kwenye ufa wa koili au juu ya kauri ya plagi, na mafuta ya silinda hiyo hutoka bila kuungua.

Toa plagi. Pengo la injini nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, lakini namba sahihi ni ile ya kitabu cha gari lako. Plagi iliyotembea sana huwa imepanuka kwa 0.2 au 0.3 bila kuonekana kwa macho. Tazama kauri: mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, kutoka juu kwenda chini, ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea. Ukiukuta, mpira wa koili ya silinda hiyo nao una alama kama hiyo kwa ndani. Badilisha vyote viwili, kwa maana plagi mpya ndani ya mpira wa zamani itachorwa mstari mpya baada ya muda mfupi. Tundu la plagi likiwa na oili, gasketi ya kifuniko cha valvu ibadilishwe kwanza.

Kama mashine inataja silinda, kwa mfano P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya nne, futa msimbo na urudie mlima ule ule. Ikitoka P0304, koili imejitaja yenyewe. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha nozeli. Dakika ishirini za kuhamisha zinashinda kununua koili nne kwa kubahatisha. Plagi zifungwe injini ikiwa imepoa, kwa mkono hadi zikae, kisha kwa spana ya kipimo. Plagi ya uzi wa milimita 14 yenye washa, kwenye hedi ya aluminiamu, huhitaji takriban Nm 20 hadi 30.

Na usiendelee kulitembeza likimisi kwa wiki. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha, na hapo utakuwa na gari lisilovuta chini wala juu.

SWALI: Nina pikapu ya dizeli yenye turbo. Hadi resi 2,000 ni kama haina turbo kabisa, kisha ghafla inashika. Nimeambiwa turbo imekufa.

JIBU: Turbo iliyokufa haishiki ghafla baada ya 2,000. Yako inazunguka, ila inachelewa kupata moshi wa kuizungusha.

Turbo za dizeli nyingi za sasa zina mabawa madogo yanayozunguka gurudumu la moshi. Resi ikiwa chini moshi ni kidogo, kwa hiyo mabawa hujibana na kuacha njia nyembamba ili moshi upite kwa kasi. Resi ikipanda hujifungua. Yakigandishwa na masizi yakiwa wazi, utapata hali unayoieleza. Yakiganda yakiwa yamebana, gari huvuta vizuri chini, kisha shinikizo huzidi na kompyuta hukata nguvu ghafla. Kabla ya kulaumu mabawa, tazama kinachoyasukuma. Kwenye mifumo ya vakyumu kuna fimbo fupi pembeni ya turbo: mtu awashe injini, wewe utazame. Kwa kawaida fimbo huvutwa mara injini inapowaka, na hurudi ikizimwa. Isiposogea, vua mpira wake mwembamba na ujaribu kwa pampu ya mkono ya vakyumu. Ikisogea kwa ulaini hadi mwisho, turbo haina kosa. Tafuta mpira uliopasuka, valvu ya umeme inayogawa vakyumu, au pampu ya vakyumu yenyewe. Mpira wa kipenyo cha kalamu umeshauzisha watu turbo nyingi.

Pili ni mvujo wa hewa iliyosukumwa, kati ya turbo na manifoldi. Hujitangaza kwa sauti ya mfyonzo ukikanyaga mafuta, moshi mweusi, na unyevu wa oili kwenye maungio. Tatu ni EGR iliyobaki wazi, ambayo kwenye dizeli huleta moshi mweusi na uzito wakati wa kuondoka. Moshi unaorudi kwenye manifoldi ni moshi ambao haukufika kuzungusha turbo.

Kwenye data hai linganisha shinikizo linalotakiwa na lililopatikana, ukikumbuka kwamba sensa nyingi husoma shinikizo kamili: injini ikiwa imezimwa, usawa wa bahari, itaonyesha karibu kPa 100, na hiyo si turbo bali ni hewa tu ya nje. Lililopatikana likibaki chini ya linalotakiwa hadi resi 2,000 kisha likalifikia, ni mabawa au fimbo. Likibaki chini safari nzima, ni mvujo, na msimbo wake wa kawaida ni P0299.

SWALI: Gari la zamani la kabureta. Nikikanyaga mafuta ghafla linazubaa, hata kuzima, kisha linaamka.

JIBU: Zima injini, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia kooni mwa kabureta na uvute throto kwa mkono. Petroli inatakiwa kuruka papo hapo kama mkojo wa mtoto, mstari mmoja wenye nguvu. Ikichelewa, ikidondoka au isipotoka, kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimechanika au tundu lake limeziba.

Pampu ikiwa nzima, fungua jeti ya sailensi na uipulize kwa hewa. Usiichokonoe kwa waya. Shaba ni laini na tundu likipanuka hutalirudisha. Skrubu ya mchanganyiko ikazwe taratibu mpaka iguse, bila kulazimisha, kisha irudishwe mzunguko mmoja na nusu kama mahali pa kuanzia, halafu utafute sailensi iliyo laini zaidi.

Halafu kuna kile kiduara cha pembeni mwa distribyuta, ambacho huwahisha cheche kwa nguvu ya vakyumu. Vua mpira wake na unyonye kwa mdomo huku kifuniko cha distribyuta kimetolewa: sahani ya ndani inatakiwa isogee na kubaki pale ulimi ukiziba. Isiposhikilia, kiwambo kimetoboka, na una makosa mawili kwa bei ya moja, cheche zilizochelewa na hewa inayovuja kwenye manifoldi.

SWALI: Gia za otomatiki. Injini inapiga resi vizuri ikiwa kwenye P, vipimo vyote ni safi, lakini kuondoka ni kama linavuta trela. Likishafika mwendo wa kilomita 50 ni zima.

JIBU: Anza na jambo rahisi: hesabu gia. Giaboksi yenye hitilafu ya umeme mara nyingi hujifungia kwenye gia moja ya kati, na gari huondoka kwa gia ya tatu badala ya ya kwanza. Ukiona halibadilishi hata mara moja kati ya kuondoka na mwendo huo, mashine ya kupimia ipelekwe kwenye kompyuta ya giaboksi, siyo ya injini.

Likibadilisha kama kawaida, anayebaki ni tokikonveta, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi. Wakati wa kuondoka kifaa hiki huzidisha msukumo wa injini hadi karibu mara mbili, kwa msaada wa gurudumu la katikati linalotakiwa kujifunga upande mmoja. Likiteleza pande zote, uzidishaji unapotea, ila ukishakuwa mwendoni gurudumu hilo huzunguka na mengine na hutaona tofauti. Kipimo chake ni kubana breki zote mbili, magurudumu yakiwa na vizuizi na mbele pakiwa wazi, kuweka D na kukanyaga mafuta yote kwa muda usiozidi sekunde 5, kisha kuipoza giaboksi kwenye N dakika mbili. Resi ikiishia chini sana ya ile ya kitabu, tuseme theluthi nzima, na injini imeshathibitika nzima, tokikonveta itolewe. Kipimo hiki huipasha oili joto kali, na magari kadhaa mapya hukikataza. Soma kitabu kwanza.

SWALI: Nikitumia petroli ya okteni ya juu, nguvu za chini zitarudi?

JIBU: Kama kitabu cha gari kinadai okteni 95 na umekuwa ukitia 91, ndiyo, sehemu yake. Resi ya chini na mzigo mkubwa ndipo injini hupenda kugonga, sensa ya kugonga huisikia, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuiokoa. Kama kitabu kinasema 91 inatosha, 95 haitaongeza kitu cha kuhisi.

Wenye injini ndogo za petroli zenye turbo na nozeli zinazopulizia ndani ya silinda waongeze tahadhari moja: msikanyage mafuta mpaka chini kwenye resi 1,200 na gia ya juu. Mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya cheche na kuvunja pistoni, na okteni peke yake haiuzuii. Shusheni gia, na oili iwe ya daraja la API SN Plus la mwaka 2018 au SP la 2020, ambayo yote mawili yalipimwa kwa tatizo hilo.